Joto la Taa za Samaki

Miaka ile mji wa Mbeya ulikuwa na vitu viwili vya kusimulia wageni: baridi na umeme. Baridi ilikuwa ya watu wote, haikuchagua ngozi wala dini. Umeme ulikuwa wa wachache, na miongoni mwao alikuwemo Vinubhai, mwenye duka la vitambaa, mtu ambaye akipata kitu hapati usingizi mpaka watu wakione. Ndiyo sababu mwaka wa hamsini na sita, aliporudi kutoka Dar es Salaam, alishusha kwenye lori, mbele ya macho ya mtaa mzima, kasha kubwa la kioo, na baada ya kasha, debe la maji lenye samaki wadogo wekundu.

Aliyepokea debe ni Yudith, mfanyakazi wa nyumba yake. Yudith alikuwa mjane wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, mwanamke wa mabega mapana, mwepesi wa kucheka na mwepesi vilevile wa kununa. Alikuwa amefanya kazi kwa Vinubhai muda wa kutosha kujua kwamba nyumba ile hawali nyama wala samaki, basi akadhani bwana amelegea imani huko Dar. Akachungulia ndani ya debe, akaona samaki wenyewe hawapiti kidole gumba, akasikitika.

"Bwana, hawa hata mchuzi hawatoshi."

Mtaa ulicheka hadi wapagazi wakaweka mizigo chini. Vinubhai hakucheka. "Si wa kula, Yudith. Wa kutazama!"

Samaki wa kutazama, jamani! Kwao Yudith samaki hutazamwa akiwa sahanini, tena kwa muda mfupi. Lakini kazi ni kazi. Akabeba debe, akawamimina samaki wa bwana kwenye kasha lao sebuleni, karibu na dirisha la barabarani, akawatakia heri.

Kasha halikuwa na mfuniko, na Vinubhai alitaka taa juu yake ili jioni wapita njia waone. Akaitwa Saulo, fundi bati wa nyuma ya soko. Saulo hakuwahi kutengeneza kitu cha samaki maishani mwake. Alichokijua ni masanduku ya wanafunzi, na masanduku yake yalisifika kwamba hata mvua ya masika haiingii. Basi naye akatengeneza mfuniko kama wa sanduku: bati zito, limebana pande zote, halina tundu hata la sindano. Ndani yake zikafungwa globu nne za umeme. Jioni zilipowashwa, maji yaling'aa, samaki wakapendeza, na watu wakajazana dirishani wakisukumana. Vinubhai alisimama nyuma ya pazia akihesabiwa sifa, roho kwatu.

Sasa, globu za zama zile hazikuwa za mchezo. Zilitoa mwanga kiasi na moto tele, na moto wenyewe ulikosa pa kutokea kwa sababu ya ufundi wa Saulo. Muda si muda bati lilipata joto la kukaushia vitambaa vya vyombo, kioo kikatoka jasho, na ole wako ufunue mfuniko vibaya: tone moja la maji likigusa globu, pa! imepasuka, na bwana yuko mlangoni anauliza. Yudith alijifunza kuushika mfuniko ule kwa tambara, kama unavyoshika sufuria inayochemka.

Katika nyumba hiyo aliishi pia baba yake Vinubhai, mzee ambaye wote walimwita Bapuji, yaani baba. Bapuji alizeekea Lindi, kwenye jua, kwenye duka lililo karibu na forodha. Mkewe alipofariki, mwanawe akamleta Mbeya ili asikae peke yake. Wema huo ulikuwa na ubaya wake. Lindi mtu hulala mlango wazi. Mbeya, ikifika Juni, maji ya kunawa asubuhi yanauma mpaka mfupa. Bapuji alivaa koti juu ya koti, akajifunga shali la sufu, na bado vidole vyake, vilivyokwisha pindapinda kwa uzee, viligoma kabisa. Kikombe cha chai kilimshinda. Akikiinua, kinacheza, kinagonga sahani yake, nusu ya chai inaishia kifuani.

Lakini ujaribu kumpa pole! Ukisema, "Shikamoo mzee, baridi ya leo kali," anakujibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka cha pwani, "Baridi gani? Nyinyi watu wa bara mmezoea kulalamika." Na meno yanagongana. Vinubhai aliwahi kumwekea jiko la mkaa chumbani, likatolewa. "Mchana kuwekewa moto ni mambo ya wagonjwa. Mimi naumwa?" Akamletea blanketi zito, likarudishwa limekunjwa vizuri. Mzee alikuwa amepoteza mke, duka na mji wake, na sasa alikuwa amebakiwa na ubishi tu, akaushika kwa mikono miwili.

Basi ndipo Bapuji akaanza kupenda samaki.

Mwanzo alisimama tu kando ya kasha, akiwatazama. Kisha akavuta kiti. Kisha siku moja Yudith, akifagia, akamwona mzee ameweka viganja vyake viwili juu ya bati la mfuniko, taratibu, amefumba macho. Uso wote ulikuwa umelegea kwa raha. Alipousikia ufagio akafumbua macho haraka. "Huyu mdogo mwenye mkia mrefu ana akili sana," alisema. Yudith akaitikia kwamba ni kweli, ana akili, akaendelea kufagia huku akijiuma mdomo asicheke. Chai ilipoletwa, mzee alikiinua kikombe mwenyewe, akanywa mpaka mwisho, bila kumwaga hata tone.

Taa zile ziliwashwa jioni tu, lakini baada ya hapo Yudith aliona jambo jingine. Asubuhi, Vinubhai akishavuka barabara kwenda dukani, taa za samaki zilikuwa zinawaka. Kabla hajarudi kula mchana, zimezimwa. Yeye Yudith hakuzigusa. Bapuji asingezigusa hata kwa dawa. Alibaki mtu mmoja, naye ni Kumud, mke wa Vinubhai.

Kumud alikuwa mzaliwa wa Iringa, baridi ameizoea tangu utotoni, mwanamke mwembamba wa maneno machache. Kwa desturi ya watu wake, mke wa mwana hamwonyeshi baba mkwe uso. Bapuji akiingia, Kumud huvuta upindo wa sari mpaka kidevuni, huinamisha kichwa, hasemi naye, na wala hakai kitako mbele yake. Mzee naye hasemi naye. Akitaka kitu hupitisha kwa mtu mwingine, hata kama Kumud yuko pale pale anasikia: "Yudith, mwambie mke wa Vinu chumvi imepungua." Na Yudith hugeuka, anasema, "Mama, chumvi imepungua," na Kumud hutikisa kichwa ndani ya sari.

Wageni wengine waliona ni kichekesho. Yudith hakuona cha kuchekesha hata kidogo, kwa sababu kwao kulikuwa vivyo hivyo, tena zaidi. Kwao mwanamke aliyeolewa hamwoni baba mkwe kabisa. Akisikia anakuja njiani, huingia mgombani kujificha hadi apite. Jina lake halitamki. Kiti chake hakigusi. Yudith aliishi miaka mingi katika kaya ya Mzee Sedekia, baba wa marehemu mumewe, na alichokijua kwa mzee yule kilikuwa kikohozi chake, mshindo wa fimbo yake, na harufu ya tumbaku yake. Wakristo wengine pale misheni walishaanza kulegeza mambo hayo. Mzee Sedekia alibatizwa vizuri tu, lakini alisema ubatizo ni wa roho, mkwe anabaki mkwe.

Alipougua kifua, kipupwe kilikuwa kibaya. Yudith aliingia msituni kutafuta kuni ngumu, zile zinazotoa makaa ya kudumu, akazipasua, akaziacha nyuma ya nyumba, na mama mkwe akaziingiza. Mzee aliota moto wa kuni hizo mpaka mwisho wa maisha yake na hakujua kamwe nani kazileta. Yudith alimpenda mzee yule. Hakuwahi kumwona uso, lakini alimpenda, na ukimwuliza kwa nini atakwambia hajui.

Kwa hiyo alipogundua siri ya Kumud, hakusema kitu, wala Kumud hakumwambia kitu. Alichofanya ni kusogeza kiti cha mzee karibu zaidi na kasha, na kumwekea mto mgongoni. Zikapita asubuhi nyingi za namna hiyo. Ukungu unashuka kutoka mlima Loleza, mzee ameweka mikono juu ya bati anawasifia samaki, Kumud yuko nyuma ya pazia la mlango anachungulia kwa jicho moja, na Yudith anapangusa meza ambayo amekwisha kuipangusa. Nyumba ile ilikuwa na furaha, ila haikumwambia mtu.

Waliokosa furaha ni samaki. Ndiyo, tuwahurumie nao! Maji yaliyopata moto asubuhi na jioni yaliwachosha. Wakaanza kupanda juu, midomo nje, wakihema kama watu waliopanda mlima na mzigo. Kisha mmoja akaonekana ubavu juu. Vinubhai alimzika uani kwa heshima, akabadilisha maji, akabadilisha chakula. Akafa wa pili. Na siku alipokufa wa tatu, Vinubhai alirudi nyumbani katikati ya asubuhi kuchukua miwani aliyoisahau, akakuta taa zinawaka, maji ya uvuguvugu, na samaki waliobaki wanahema.

"Nani amewasha hizi?"

Bapuji alikuwa kitini. Mikono yake ilikuwa imekwisha rudi ndani ya shali, upesi, kama ya mtoto aliyekutwa na sukari guru. Nyuma ya pazia Yudith aliona miguu ya Kumud, imesimama tuli.

"Nauliza, nani anawasha taa mchana? Anapika supu?"

Yudith akapima. Akimtaja Kumud, mzee atajua kwamba mke wa mwanawe ndiye anayempashia moto pale alipokaa. Kwao Yudith, mkwe akisikia hivyo huinuka kwenye kiti kile na hakirudii tena mpaka kufa; ni aibu ya watu wawili kwa mpigo. Akimtaja mzee, atamvua nguo mbele ya mwanawe. Akasema moyoni, funika kombe mwanaharamu apite.

"Ni mimi, bwana. Niliwaonea huruma samaki. Nikaona baridi itawaua."

"Huruma!" Vinubhai alishika kichwa. "Huruma yako imewachemsha, Yudith! Hawa wanapenda maji baridi. Baridi ni yao! Nikikukuta umegusa swichi hii tena, utarudi Rungwe kuhurumia migomba."

Akaondoka na miwani yake. Yudith aliogopa, maana kazi ile ndiyo iliyokuwa inamlisha, lakini pia alijiona shujaa kidogo. Ameokoa heshima ya watu wawili kwa uongo mmoja. Nani angejua?

Haikupita muda, lori kutoka Dar likapitia Iringa likafika na mzigo wa Vinubhai. Ndani ya nyasi na magazeti ya kufungia ilikuwemo taa ya namna mpya kabisa, mrija mrefu mweupe, na mfuniko wake wa mbao uliotobolewa matundu ya kupitisha hewa. Mfuniko wa Saulo ukatolewa na globu zake. Taa mpya ikawashwa; ikapepesa, ikapepesa, kisha ikashika, nyeupe pe, huku ikinguruma chinichini kama nyuki. Vinubhai aliita majirani.

"Gusa! Gusa, usiogope! Inawaka mchana kutwa na haina moto hata kidogo. Yudith, njoo uguse. Hii hata ukiwahurumia, hawaivi!"

Watu wakagusa, wakashangaa, wakacheka. Yudith naye akagusa. Mrija ulikuwa na ubaridi wa sahani ya jana. Akamkumbuka Bapuji pale pale, akavuta mkono, akaenda jikoni bila kuaga.

Asubuhi yake Bapuji akaja kitini kama kawaida. Alingoja Vinubhai avuke barabara. Taa ilikuwa inawaka, na sasa iliruhusiwa kuwaka muda wote. Mzee akatoa mikono kwenye shali akaiweka juu ya mfuniko mpya. Akangoja. Akaisogeza upande wa pili, akangoja tena. Pengine alidhani haijapata moto. Akaigeuza, akaweka migongo ya mikono. Kisha akaitazama ile mikono yake kwa muda, akairudisha ndani ya shali polepole, mmoja halafu mwingine.

Yudith aliona yote, na Kumud nyuma ya pazia aliona yote. Chai ilipokuja, kikombe kilicheza, kikamwagika mpaka mapajani. Bapuji akajifuta. "Yudith," alisema, "mwambie mke wa Vinu chai imejazwa mno." Kesho yake kikombe kilijazwa nusu, na nusu hiyo ikamwagika pia. Kesho kutwa akasema chai haitaki tena, inamnyima usingizi.

Siku ile Yudith alimkuta Kumud jikoni anasukuma chapati na machozi yanadondoka kwenye unga. Yudith akaweka ndoo chini.

"Mama, kosa ni langu. Ningesema ukweli, bwana angemtafutia baba yake joto jingine. Mimi nimesema samaki, naye akawatafutia samaki."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ningesemaje ni wewe, mama, na yeye amekaa pale? Kwetu mkwe akijua mke wa mwanawe amempashia kiti, hakikalii tena. Nilikuwa nakuficha."

Kumud alimtazama, akafuta pua kwa mkono wenye unga, akacheka katikati ya kilio. "Yudith, kwetu tunaficha uso. Mkono hatufichi. Nani anampikia? Nani anafua shali lake? Anajua vizuri."

Miaka yote amedhani desturi za mama huyu na zake ni nguo moja, kumbe zimefanana rangi tu. "Sasa kama ni hivyo, kwa nini wewe ulikuwa unawasha kwa siri?"

"Kwa sababu ni mbishi!" Kumud alipiga kibao cha chapati kwa mti wa kusukumia. "Angejua kuna mtu ameona anasikia baridi, asingegusa bati lile tena. Nilitaka ajiibie mwenyewe joto lake, kwa raha yake."

Yudith alivua aproni. Akapiga moyo konde, akavuka barabara, akaingia dukani ambako Vinubhai alikuwa anapima kitambaa cha kanga, akasema kabla ujasiri haujamtoka, "Bwana, nilikudanganya. Taa sikuwasha mimi, na haikuwa kwa ajili ya samaki. Mzee alikuwa anapashia mikono joto."

Vinubhai aliduwaa na mkasi wake. "Baba yangu? Anaota moto kwenye samaki?" Akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha dukani, kikakatika ghafla. Akaketi juu ya majora ya vitambaa. "Anasikia baridi kiasi hicho," alisema, "na mimi nimemtolea taa, nikaita watu waje kucheka." Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kufanya siku ya kazi. Akafunga duka.

Lakini Vinubhai, Mungu amsaidie, hakujua kufanya jambo bila mlio. Aliingia sebuleni na blanketi, mtumishi wa dukani nyuma yake na jiko, akasema kwa Kigujarati maneno ambayo Yudith hakuyaelewa lakini sauti aliielewa: baba, kwa nini hukusema, baba, tumekufanyia nini. Uso wa Bapuji ulifungwa kama duka. Aliinuka, akashika fimbo, akaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa. Jiko likaingizwa, likatoka. Blanketi likaingia, likatoka. Vinubhai alisimama nje ya mlango akibembeleza mpaka koo likamkauka, na jibu alilopata ni moja: nani kakwambia nasikia baridi?

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, lakini Yudith aliona kwamba na ya mkweli ina miiba yake. Alisema uongo, mzee akakosa taa. Amesema kweli, mzee amekosa hata kiti. Hakutoka tena kutazama samaki. Chakula kilirudi nusu, kisha robo, maana mkono haukuweza kushika mkate vizuri na kulishwa hakukubali. Kikohozi kikaanza. Yudith alikisikia kupitia ukutani akiwa anadeki, akaacha kudeki. Kikohozi cha baba mkwe nyuma ya ukuta alikijua vizuri, na alijua kinakoishia.

"Mama," alimwambia Kumud, "huyu tutamzika."

Kumud alitoka uani, akachukua jiko la mkaa, akaliwasha kwa mikono yake. Alilipepea hadi moshi wote ukaisha na mkaa ukawa mwekundu safi. Nje kulikuwa na ukungu na manyunyu, saa ya alasiri, Vinubhai yuko dukani. Yudith akanyoosha mikono.

"Lete nikubebee."

"Hapana. Nabeba mimi."

"Atakufukuza, mama. Amemfukuza mwanawe wa kumzaa."

"Atanifukuzaje?" Kumud alisema. "Hasemi na mimi."

Yudith akataka kucheka na hakuweza. Kumud alivuta upindo wa sari, safari hii mpaka kifuani, akashika jiko kwa matambara mawili. Alikuwa haoni mbele. Yudith akatangulia akimwelekeza, hatua, mama, kizingiti, mama, akafungua mlango wa chumba bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akalifungua dirisha kidogo ili hewa ipite.

Bapuji alikuwa ameketi kitandani, amekunja miguu, shali mpaka masikioni. Alikuwa amepungua. Kumud akaweka jiko sakafuni mbele ya magoti yake. Desturi ilisema aondoke mara moja. Hakuondoka. Alisimama pale pale, kichwa chini, mikono yake imepakaa masizi.

Mzee alitazama jiko. Akatazama ukuta. Akafungua kinywa, akakifunga, maana kweli hakuwa na njia ya kumwambia. Njia ilikuwa moja tu, na njia hiyo ilikuwa imesimama mlangoni. Akamgeukia Yudith.

Yudith alijua neno linalokuja. Mwambie mke wa Vinu atoe moto huu. Na hapo hapo akaapa moyoni, yeye aliyepeleka maneno ya chumvi na chai asubuhi na jioni bila kupunguza wala kuongeza, kwamba neno hili hataliwasilisha, hata akirudishwa Rungwe leo hii kwa miguu. Akasimama imara kwa mabega yake mapana, akangoja.

Lakini macho ya Bapuji yalikuwa yamerudi kwenye mikono ile yenye masizi. Mkaa ukalia taratibu. Halafu shali likafunguka, mkono mmoja ukatoka, wa pili ukafuata, na vile vidole vilivyopindana vikanyooshwa juu ya moto, mbele ya watu, mchana kweupe.

"Yudith."

"Abee, mzee."

"Mwambie binti yangu akae."

Kumud alikuwa karibu kiasi cha kusikia hata pumzi ya mzee, na alikwisha sikia. Lakini neno lilitumwa, na aliyetumwa ni Yudith. "Mama," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Mama, baba anasema ukae."

Kumud akakaa, sakafuni, upande wa pili wa jiko, uso bado umefunikwa. Baada ya muda naye akanyoosha mikono yake juu ya moto.

Yudith akarudi nyuma, akaegemeza mlango, akasimama korido akilia machozi mengi, bila kujifuta na bila kumwonea mtu haya. Vinubhai alipofika mbio kutoka dukani, ameona moshi uani na roho imemruka, alimkuta amesimama hivyo hivyo, ameziba njia.

"Kuna nini? Baba yukoje? Nipishe!"

Yudith akamwekea bwana wake kiganja kifuani, akamzuia. "Ngoja kwanza, bwana. Yuko na binti yake."